Namna ya Kupanda Mgomba Minnesota Bila Kuitiwa Polisi

Kwanza tafuta ramani. Si ile ya simu ya kukupeleka Duluth, bali ile ya Idara ya Kilimo ya Marekani, inayoigawa nchi nzima katika kanda 13 kwa kigezo kimoja tu: usiku wenye baridi kuliko wote katika mwaka unashuka kiasi gani. Ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1960, ikarekebishwa mara kadhaa, na toleo la sasa lilitoka Novemba 2023. Humo sehemu kubwa ya Minneapolis na St. Paul, ambayo zamani ilikuwa 4b, imepandishwa cheo na kuwa 5a. Ukiisoma kwa macho ya muuza miche, maana yake ni kwamba umehamishiwa kusini ukiwa usingizini, bila kulipia hata lori la mizigo.

Hizi ndizo habari ulizokuwa ukizingojea tangu uliposhuka uwanja wa ndege na koti la mtumba ambalo shangazi alikuhakikishia kwamba linatosha. Miaka yote umekuwa ukila ndizi za dukani zisizo na ladha huku ukiwasimulia watoto habari za kisukari, mzuzu na bokoboko. Sasa serikali yenyewe imekiri kwa maandishi kwamba joto linapanda. Chukua jembe.

Sharti la kwanza la mafanikio: usisome maelezo ya chini ya ramani. Mtu akishayasoma hushikwa na uvivu. Yanasema kwamba 5a ni mahali ambapo usiku mbaya kuliko wote wa mwaka, ukichukua wastani, huwa kati ya nyuzi 29 na 26 za Selsiasi chini ya sifuri. Kanda ya zamani, 4b, ilikuwa kati ya 32 na 29 chini ya sifuri. Kwa mtu aliyezaliwa Mombasa, tofauti hiyo ni sawa na kuulizwa kama ungependa kugongwa na lori au na basi. Mbaya zaidi, huo ni wastani wa miaka 30, kuanzia 1991 hadi 2020. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari 2019, kipimo cha uwanja wa ndege wa Minneapolis kilishuka hadi 33 chini ya sifuri, na usiku huo umo ndani ya hesabu hiyo hiyo iliyotupandisha cheo. Ulichanganywa na wenzake wapole, wakagawanywa, ukapotea. Mgomba hauna miaka 30 ya kugawanya. Wenyewe hufa kwa usiku mmoja.

Idara nayo haikujisifu. Ilieleza kwamba ramani mpya imetumia vituo 13,412 vya hali ya hewa, ambapo ile ya 2012 ilikuwa na 7,983, kwa hiyo sehemu nyingine zimebadilika rangi kwa sababu zimepimwa vizuri zaidi, na kwamba ramani hii peke yake isichukuliwe kuwa ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi. Kwa jumla nchi imeonekana kuwa na joto zaidi kwa takriban nyuzi moja na nusu za Selsiasi, na karibu nusu ya maeneo yake yamepanda nusu kanda. Nusu kanda! Watu wameanza kuagiza minazi kwa sababu ya nusu kanda.

Tuanze basi na huo mnazi, tuumalize haraka. Kila Mei, mbele ya maduka ya miche, hupangwa mimea mirefu ya jamii ya mitende, na mtu wa Tanga akiiona hushuka garini bila kuzima injini. Geuza kibandiko. Kikisema kanda ya 10 au 11, unanunua shada la maua refu litakalokufa Oktoba. Mvumilivu kuliko karibu ukoo wake wote ni Trachycarpus fortunei, kutoka milima ya China, ambaye akishakomaa huhimili mpaka kama nyuzi 15 chini ya sifuri. Huko Ticino, kusini mwa Uswisi, ameipenda hali mpya ya hewa hadi akakimbilia misituni, na mwaka 2024 serikali ikapiga marufuku kumuuza. Minneapolis, nyuzi 15 chini ya sifuri ni hali ya hewa ya kumtembeza mbwa. Kama huwezi kuishi bila mnazi, nunua wa plastiki.

Machungwa nayo yapo yanayodaiwa kuvumilia baridi, na muuzaji hasemi uongo. Anachonyamazia ni kwamba mti wenyewe ni Poncirus, una miiba mirefu kama ya mgunga, na tunda lake ni dogo, limejaa mbegu, na ni chungu. Watu huupanda kama ua wa kuzuia wezi. Embe usijisumbue. Ukizika kokwa kwenye chungu litaota, litatoa majani mekundu mazuri karibu na dirisha, na hapo ndipo uhusiano wenu utakapoishia.

Tunabaki na mgomba, na hapa lazima twende polepole.

Mgomba unaouzwa kwa ajili ya baridi unaitwa Musa basjoo. Asili yake ni kusini mwa China, lakini dunia iliujua kupitia Japani, ambako mshairi wa karne ya 17, Matsuo Basho, alijipa jina lake kutokana na mgomba uliopandwa na mwanafunzi wake kando ya kibanda chake. Kwa hiyo hata ukikosa ndizi, jina unaweza kupata. Na ndizi utakosa. Hata pale mgomba huu unapozaa, vidole vyake ni vidogo, vimejaa mbegu ngumu, havilikani. Ule wa kuliwa, uliouzoea, unahitaji kati ya miezi tisa na kumi na tano ya joto mfululizo kabla ya kutoa mkungu, kisha miezi mingine ndizi zikomae. Huku kati ya sakitu ya mwisho ya Mei na sakitu ya kwanza ya Oktoba unapewa miezi mitano, na mmoja wapo utauchelewesha mwenyewe ukingoja udongo upate joto. Hesabu hii usimwambie baba watoto, au mama watoto, kabla mche haujafika nyumbani.

Panda mwishoni mwa Mei, mahali penye jua, ukutani upande wa kusini, penye kukingwa upepo. Ulishe samadi bila aibu na uunyweshe kila siku. Kufikia Agosti utakuwa umekupita urefu, majani yamepasuka pasuka kwa upepo kama inavyotakiwa, na jirani, mzee mmoja mwenye asili ya Norwei ambaye kwa miaka mingi amekuwa akikusalimia kwa kidevu tu, atavuka ua kuja kuuliza. Watu wa Minnesota ni wapole mno, hawawezi kukucheka usoni. Mpeleke kivulini, mwonyeshe jinsi jani jipya linavyotoka likiwa limekunjwa kama mkeka wa kuuzwa, mwache aliguse. Kipindi hiki kinadumu wiki sita. Kifaidi.

Sakitu ya kwanza inakuja usiku mmoja bila taarifa. Asubuhi majani yananing'inia meusi, mororo, yananuka kama mboga iliyosahaulika kwenye friji. Usilie. Sasa ndiyo kazi inaanza. Kata shina kimo cha goti au kiuno, kwa panga kama unalo, kwa kisu cha mkate kama mkeo ameshalificha panga. Vaa nguo ya zamani: utomvu wa mgomba hautoki Minneapolis kama usivyotoka Bukoba. Zungushia shina wavu wa waya, uache nafasi ya mkono mzima kila upande, kisha ujaze majani makavu mpaka juu. Ya mwaloni ndiyo bora, kwa sababu hayagandamani yakilowa. Majirani huyaweka kando ya barabara kwenye mifuko ya karatasi kila vuli. Yaombe kabla ya kuyabeba, maana hata takataka zina mwenyewe. Juu funika kwa plastiki au ndoo kubwa iliyopinduliwa. Hiyo ndoo ina kazi kuliko inavyoonekana, kwa sababu kinachoua migomba mingi wakati wa baridi ni kuoza. Maji yakiingia katikati ya shina na kuganda na kuyeyuka, ikifika Aprili utachota uji.

Shina hata hivyo litakufa tu. Unachokinga ni tunguu lililo ardhini, ambalo likipona litatoa machipukizi na kuanza safari upya kutoka sifuri, kila mwaka, milele. Wewe umekuwa mlinzi wa kiazi kikubwa.

Ukitaka tunda la kweli kutoka nchi za joto, la kuliwa, hapo ramani haikukudanganya sana: panda mtini. Iko aina inayoitwa Chicago Hardy ambayo hata ikifa mpaka ardhini huchipua tena na kuzaa kwenye matawi ya mwaka huo huo. Wahamiaji wa Kiitalia walioshukia New York waliifunga mitini yao magunia na kuitundikia ndoo juu, Brooklyn ikajaa vibwengo kila Desemba. Wengine waliizika kabisa, na hapo ndipo wenyeji wa Minnesota wanapotutangulia kwa hekima, kwa sababu wana desturi yao ya kuzika mawaridi. Katikati ya Oktoba hulegeza mizizi ya upande mmoja kwa uma wa bustani, huchimba handaki, huyafunga matawi kwa kamba, huulaza mti mzima humo, kisha hufukia udongo na kutandaza majani juu. Aprili hufukua. Kwa mtini njia hiyo hiyo inafaa.

Ila zingatia saa. Mtini uliofungwa gunia na kamba una urefu wa mtu na unene wa mtu, na unapoulaza handakini unatoa sauti ya mtu. Ukifika kutoka zamu ya jioni hospitalini saa tano usiku, ukawasha taa ya simu na kuanza kuchimba, wewe mgeni mwenye koleo, basi usishangae kuona taa za bluu. Zika mchana kweupe, Jumamosi, ukiwa na watoto. Ongea kwa sauti. Kama unaweza, mwalike yule mzee wa Norwei ashike upande wa miguu.

Kisha omba theluji. Ndiyo, umesoma sawasawa. Theluji nene ni blanketi. Inafungia hewa na kuuzuia udongo usipoteze joto lake, na chini yake mizizi inaweza kulala kwenye baridi ya kawaida huku juu mambo yakiwa ya kutisha. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Minnesota. Mashindano maarufu ya mbwa wa kuvuta sleji, yanayopewa jina la John Beargrease, yalifutwa kwa kukosa theluji. Watu walitembea Januari wamefungua zipu, wakisema haya ndiyo maisha. Kwa mwenye tunguu ardhini huo ni msimu wa kukesha: udongo uko wazi, miti inadanganyika na kutaka kuchipua mapema, kisha usiku mmoja wa baridi ya kawaida kabisa ya nchi hii unarudi na kukuta hakuna aliyejifunika. Anayesema baridi imepungua husahau kuuliza imepungua usiku upi.

Na si wewe peke yako uliyeisoma ramani. Mbawakawa wa kijani kutoka Asia, anayetoboa miti ya ash, aligunduliwa Michigan mwaka 2002 na St. Paul mwaka 2009. Baridi ya kupindukia huua viwavi wake wanaolala chini ya gome. Baridi ya wastani huwabembeleza. Mitaa iliyokuwa na kivuli sasa ina visiki.

Hamu ya kulazimisha shamba lifanane na kwenu hata hivyo si ugonjwa wetu peke yetu. Wajerumani walipofika Usambara walipanda mapeasi na maplamsi Lushoto mpaka leo yanauzwa barabarani kwa ndoo, na mwaka 1902 wakafungua kituo cha utafiti Amani, wakajaribu mimea ya kutoka kila pembe ya dunia. Mmoja wa miti iliyoletwa huko, msizi, aliupenda ugeni kupita kiasi, akauingilia msitu wa asili, na hadi leo watu wa hifadhi wanahangaika naye. Ukiwaza kwamba mgomba wako unaonekana wa ajabu nyuma ya nyumba ya mbao, kumbuka kulikuwa na mtu aliyehangaikia plamsi kwenye nchi ya migomba.

Kuhusu mbegu za nyumbani. Najua una mpango. Mama mkubwa anazifunga kwenye kipande cha khanga, khanga inaingia ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu. Kwenye viwanja vya ndege vya huku wapo mbwa wadogo wa aina ya beagle, wenye masikio ya kulegea na vizibao, ambao wamesomea kazi hiyo hiyo moja. Watakaa chini taratibu mbele ya begi lako na kukutazama kwa huruma. Mbegu zinahitaji cheti cha afya ya mimea au kibali, na vyote hupatikana kwa subira ambayo soksi haina.

Hata zikipita, mbaazi itakufundisha adabu. Tatizo lake si baridi, ni saa. Mbaazi zetu za asili, zile zinazopandwa pamoja na mahindi na kuvunwa mahindi yakiwa yameshasahaulika, hupima urefu wa usiku kabla ya kutoa maua, na zimezoea usiku wa ikweta wa saa 12. Minneapolis iko karibu nyuzi 45 kaskazini, na Juni jua hukaa angani saa 15 na nusu. Basi mbaazi inakua. Inapita kiuno, inapita kichwa, inakuwa kichaka, wageni wanaisifu, na hakuna ua hata moja, kwa sababu inangoja giza. Mwishoni mwa Septemba usiku na mchana vinalingana, mbaazi inafurahi, inafungua maua yake ya njano. Wiki mbili baadaye sakitu. Rosela inafanya vivyo hivyo. Katika hili ramani haina neno, na haitakuwa nalo hata Minnesota ikipata joto la Lindi, maana hakuna aliyeweza kuihamisha ikweta.

Inabaki mboga, na hapa nitapoteza wasomaji kwa sababu hakuna mbwembwe. Mchicha, mnavu, mgagani, majani ya kunde: hivi vyote ni vya msimu mmoja, vinamaliza maisha kabla ya baridi, na kanda haivihusu kamwe. Vilikuwa vinaota hapa tangu ramani ikiwa 4b na vingeota hata ingekuwa 3. Julai ya Minneapolis inafika nyuzi 28 mchana, inatosha kabisa. Mama wa Kisii aliyekodi kipande cha bustani ya jamii huvuna chinsaga, yaani mgagani, mfuko kwa mfuko huku wewe ukipima unene wa matandazo. Ndugu wa mchicha hata hahitaji kupandwa. Anaota kwenye nyufa za maegesho ya magari, na wakulima wa soya wanamwita gugu. Aina moja, Amaranthus palmeri, iligunduliwa Minnesota mwaka 2016, na sheria ya jimbo inaagiza ing'olewe popote itakapoonekana. Mnavu nao, mweleze jirani mapema, maana hapa watu wengi wameambiwa tangu utotoni kwamba ukoo wake ni sumu, na akikuona ukichuma sufuria nzima atapiga simu. Tumekwisha kuzungumza kuhusu taa za bluu.

Lakini mgomba hutauacha, nakujua. Umeshapiga picha na kuituma kwenye kundi la familia, ukiwa umeupanga vizuri ili koleo la theluji lisionekane, na mjomba kule Mbeya ameshauliza mkungu uko wapi. Mjibu kwamba unaulimia majani. Ni kweli, na hata ni biashara. Luwombo, kile chakula cha Waganda cha kufukizwa kwenye jani la mgomba, haipikwi ndani ya karatasi ya alumini, na matoke yaliyofukizwa kwenye jani bichi hayafanani na yaliyofukizwa kwenye lile la barafu kutoka duka la Waasia, linalopasuka ukilikunjua. Mganda wa kwanza akisikia kwamba nyuma ya nyumba yako kuna migomba hai, atakuja Jumapili na familia nzima, amevaa kanzu, na ataanza kwa kuulizia afya yako kwa muda mrefu sana. Mkatie majani ya chini, yaliyokomaa, uyaache ya katikati. Pesa usichukue. Sema tu kwamba ungependa kujua hizo luwombo zitakuwa mezani saa ngapi.